Muziki Niachieni Mimi

…na kalamu imesimama palepale, haiandiki wala haiondoki, na binti yake anamtazama yeye badala ya kuitazama karatasi, anangoja, maana kule kwenye duka la dawa anakouza ndivyo walivyomfundisha, usimkabidhi mtu dawa mpaka akujibu kwa mdomo wake mwenyewe, na sasa amemuuliza baba yake, "Baba, kwenye muziki niandike nini?", swali jepesi, na jibu lake ni herufi nne tu, andika Baba, tupite, twende kwenye maua, lakini yeye amekaa kwenye kochi, mikono kaipakata, na ulimi wake unazunguka nyuma ya meno ya bandia, unayasukuma, unayarudisha, tabia mbaya hiyo, daktari wa meno alimkataza, utayalegeza mzee wangu, naye akaitikia ndiyo daktari, na kabla hajafika mlangoni ulimi ulikuwa umesharudi kazini… alasiri ya Jumamosi, madirisha yote ya sebule wazi na bado joto limekaa ndani kama mgeni asiyejua kuaga, na binti amesimama juu ya kigoda katikati ya sebule, gauni la harusi mwilini, daftari mkononi, lile daftari dogo wanalogawiwa bure na wasambazaji wa dawa, na mama yake kapiga magoti chini akizunguka pindo, pini zimepangwa midomoni, anazitoa moja moja, anachoma, anasogea, fundi cherehani wa miaka mingi huyo, pindo hapimi kwa futi, anapima kwa jicho, na akiwa na pini midomoni watu wa nyumba hii wameshazoea kumwelewa, mmh ni ndiyo, mm-mm ni hapana, na ile mmmh ndefu ni tutaongea wageni wakishaondoka… na kwenye kiti cha pili yupo shemeji, mdogo wa kike wa mkewe, mwenye biashara ya kukodisha viti na sahani, ambaye kwa kazi hiyo amehudhuria harusi za watu mpaka hazikumbuki, na kila moja ana habari yake, na sasa yuko katikati ya habari ya DJ mmoja mwenye taa zinazozunguka, anasema huyo anakuja na mashine ya moshi, bibi harusi anatokea ndani ya moshi kama malaika, na binti anacheka, anasema mama mdogo, watu arobaini kwenye bwalo la shule, moshi wa nini, si watakimbilia ndoo za maji, na tena huyo anataka nusu mkononi kabla hata hajakuuliza jina, ameshafutwa, na kwaya ya wafanyakazi wenzake imefutwa, wanaojua kuimba ni wawili na hawasemezani, na kinyozi wa pale kona, mwenye spika kubwa anayoiweka nje ya kibanda, ambaye angekuja kwa sahani ya chakula tu, naye amefutwa kwa mstari mnene, kwa sababu nyimbo zake zimo ndani ya simu, na simu ni hiyohiyo anayopigiwa, na kwenye harusi aliyopiga mwezi uliopita, maharusi wameshika kisu wanakata keki, muziki ukakatika na sauti ya mkewe kinyozi ikajaa ukumbini ikimuuliza mkaa ameununua au anataka watoto wale vitu vibichi… shemeji anacheka mpaka anashika ubavu, mkewe naye anatoa mmh ya kicheko pembeni ya pini, na yeye anatabasamu pia, kwa uangalifu, midomo imefungwa, maana siku hizi anatabasamu hivyo, kama mtu anayeficha peremende.

Wote wamefutwa, DJ, kwaya, kinyozi, umebaki mstari mmoja mweupe, na mstari huo ni wake, aliuchukua mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono, ilikuwa siku ile wakwe walipokuja, wamekaa hapahapa, yule fundi friji anayemchukua binti yake kakaa katikati ya wazazi wake kajikunyata kwa adabu mpaka magoti yamegusana, na mazungumzo yakafika kwenye gharama, kila mtu akatazama kikombe chake, baba wa kijana akakohoa, akasema muziki nao siku hizi ni bei ya kiwanja, na hapo ndipo yeye alipojisikia anasema, kwa sauti nene ya mtu aliyeshiba, muziki niachieni mimi, nyumba hii haikodi muziki, na wakwe wakapiga makofi, mama wa kijana akapiga na kigelegele, na binti yake akamtazama kwa macho ambayo hajatazamwa nayo na mtu yeyote tangu… tangu lini, hata hakumbuki, na ajabu yenyewe ni kwamba hakudanganya, wallahi hakudanganya, kwa dakika ile moja alikuwa amesahau kabisa, aliongea kama alivyokuwa akiongea miaka thelathini, mpiga tarumbeta wa bendi, mtu wa kukodiwa Ijumaa na Jumamosi, na mitaa yote hii wanamwita Tarumbeta hadi leo, watoto wa shule wanamwamkia shikamoo mzee Tarumbeta, alisahau mpaka wakwe walipofika getini na akataka kuwapigia mluzi wa kuwaaga, kwa utani, ukatoka upepo… mdomo huponza kichwa, ndivyo wanavyosema, lakini wake ulikuwa umeshaponzwa zamani, ulikuwa hauna hata meno… na wiki ileile fungu la muziki likahamia kwenye kitambaa, mkewe akasema kama muziki ni wa bure basi mtoto asishonewe kitambaa cha mapazia, akaenda akanunua hiki hapa, kizuri, chenye lesi mgongoni, kwa hiyo ukitaka kuujua ukweli, muziki wote wa harusi hii umesimama mbele yake juu ya kigoda, una mikono mirefu na vifungo kumi na vinne, na huwezi kuufumua ukaurudisha dukani, na harusi ni Jumamosi ijayo, siku saba, na kalamu imesimama, na anaulizwa.

Na angeanzia wapi, angeanzia na mkate, maana jino la kwanza lilibaki kwenye mkate, miaka miwili iliyopita, chai ya asubuhi, aliuma ganda akasikia kitu kigumu, akadhani ni jiwe, akalitemea kiganjani akaliona, jino zima la mbele, halina damu, halina maumivu, limeamua tu kuondoka kama mfanyakazi aliyechoka na bosi, na daktari alipotazama akasema ni ufizi mzee wangu, hata hayo matatu jirani yake hayana siku, na kweli hayakuwa na siku, mvua ilipoanza yalikuwa yameisha, akatengenezewa haya, ya waridi juu na meupe mno chini, na mkewe alipomwona ameyavaa mara ya kwanza alimshika kidevu akamgeuza huku na huku kwenye mwanga, kama anavyokagua kola, akasema afadhali, unapendeza, tena tushukuru Mungu ni meno, si kifua… si kifua… wote wanajua hana meno, mkewe anayaona kila usiku ndani ya glasi, binti ndiye anayemletea vidonge vya kuyasafishia, shemeji huwa anamtania kwamba akichoka kuyavaa amwazime amkodishie mtu pamoja na sahani, wanajua wote, hakuna siri, ila hakuna hata mmoja anayejua maana yake, wameishi na tarumbeta humu ndani miaka yote hii, imewasomesha, imewavalisha, na bado wanadhani inapigwa kwa kifua, na nani aliyewaambia, si yeye, au ni yeye, maana hakuwaambia vingine… binti alikuwa na miaka sita, asubuhi ya Jumapili, yeye amerudi alfajiri baada ya harusi tatu mfululizo, midomo imevimba kama ya mtu aliyeng'atwa na nyuki, na mtoto akaja na gauni la kulalia akasimama kando ya kitanda, akasema baba nipigie mimi, wao umewapigia, na angemnyima vipi, aliitoa kwenye sanduku, akampigia, kipande kifupi tu, na mdomo ukapasuka, akafuta kwa leso, na mkewe akaikuta leso bafuni ina damu, akaja nayo mkononi, rangi yote imemtoka, akidhani damu imetoka kifuani, mjomba wake alikufa kwa kifua, akakaa chini sakafuni akalia, na yeye akamwambia si kifua mke wangu, ni mdomo, akamwambia, Mungu shahidi, alimwambia mara moja, lakini mkewe akasema ndivyo wanaume mnavyosema, mjomba naye alisema si kitu, na kuanzia siku ile ikatungwa sheria, baba hapigi nyumbani, baba haombwi, akitaka atapiga mwenyewe, mtoto usimwombe, na ikaanza tangawizi na asali, maji ya uvuguvugu, skafu shingoni alfajiri hata kukiwa na joto la kukaanga yai, dirisha la upande wake wa kitanda likapigwa misumari, na cherehani, mkewe akakibeba cherehani akakitoa sebuleni akakiweka koridoni, kwenye giza, kati ya mlango wa choo na ndoo za maji, ili nyuzi na vumbi la vitambaa visimwingie mume wake kifuani, na hapo ndipo anaposhonea mpaka leo, taa inawaka mchana kutwa, macho yake yameharibikia mle… na kwa nini hakumwambia tena, mara ya pili, mara ya tatu, amkalishe chini amweleze kwamba kifua ni upepo tu, upepo hata mlango unao, tarumbeta ni midomo, na midomo inaegemea meno, kama ngazi inavyoegemea ukuta, ondoa ukuta uone, kwa nini, kwa sababu ilikuwa raha, basi, ndiyo sababu, ilikuwa raha kutunzwa, alirudi amechoka na harufu ya jasho na moshi wa watu, na kulikuwa na glasi ya tangawizi imefunikwa kisahani, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anahangaika na kifua chake.

…maua, anasema shemeji, maua ya karatasi yanatosha, nani anayenusa maua kwenye harusi, watu wananusa jikoni, na binti anasema ngoja mama mdogo, tumalize la muziki kwanza, baba anafikiria, na mkewe anatoa ile mm-mm, msimsumbue… anafikiria, ndiyo, anafikiria kuhusu stoo ya karatasi, kazini kwake kiwandani, mahali wanapochapa vitabu na yeye anavifunga, kila Alhamisi tangu wakwe walipokuja amekuwa akiondoka nyumbani na sanduku la tarumbeta, nakwenda kufanya mazoezi, anasema, na mkewe anamfunga skafu, na saa kumi na moja wenzake wakitoka anaingia stoo, kati ya marobota ya karatasi yanayomeza sauti, anaweka kile kikombe kidogo cha kupulizia mdomoni, anavuta pumzi, kifua kizima, kipana, kimetunzwa kama yai, kinajaa vizuri kabisa, anasukuma, na inatoka pffff, meno yanarudi nyuma yanamkaba, anayatoa, anajaribu bila meno, mdomo wa juu unatumbukia ndani kama paa bovu, pffff, mate yanamchuruzika kidevuni, mara moja tu ilitoka sauti, moja, na ilikuwa kikohozi cha mbuzi, na mlinzi akagonga mlango akauliza mzee, unajaza upepo baiskeli humo ndani?, akamjibu ndiyo, tairi la nyuma… na Alhamisi hii iliyopita, akishuka ngazi za kiwandani na sanduku mkononi, alisimama pale kwenye kona ya juu, akalifungua, akaitoa, akaishika kwa nje ya reli, ngazi za saruji, ghorofa tatu, angesema iliponyoka, nani angemlaumu, angepewa pole, wangemshika bega, binti angemfuta machozi, ingekuwa ajali, na mtu aliyepata ajali si mtu aliyekwisha, alihesabu moja, mbili, akaona uso wake umevutwa mrefu kwenye shaba, na kidevu kimeingia ndani, akairudisha kwenye sanduku taratibu, akashuka… ataumwa, basi, ataumwa Ijumaa, homa, lakini homa si itaitwa kifua, mkewe atamlaza, atakosa harusi yenyewe, na mkewe atakosa usingizi, au aseme kiongozi wa bendi amemkataza, walikosana, si ndivyo wanavyoamini alivyoacha bendi, alirudi siku moja akasema nimeachana nao, na mkewe akasema afadhali, wale walikuwa wanakufanya punda, na hakuna aliyeuliza zaidi, na hiyo ndiyo faida ya sheria ya baba haombwi, mtu anaweza kukaa kimya miaka miwili ndani ya nyumba yake na watu wakamheshimu kwa kimya hicho, mficha maradhi kifo humuumbua, mama yake alikuwa akisema hivyo, lakini maradhi ya nani sasa, haya si maradhi, hata hayaumi… na leo ameombwa, hilo ndilo lililomkamata, tangu ana miaka sita binti hajawahi kuomba tena, alikuwa mtoto wa kufuata sheria huyu, na leo amesimama juu ya kigoda, mrefu kuliko wote, na ameomba, na kinachomtisha baba mtu si kumwambia hapana, ngoja aliseme sawasawa kama lilivyo, kinachomtisha ni kwamba hiki ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa, nyumba hana, kiwanja hana, hotuba hajui, siku zote alijiona pale, Jumamosi ile, amesimama, anampigia anapoingia, watu wanageuka, wanasema ndiye baba yake, na ukiiondoa tarumbeta, pale anapobaki pana nini, pana mzee wa kufunga vitabu mwenye meno ya kiwandani, anaogopa asije akawa hana kazi yoyote kwenye harusi ya mtoto wake.

…thelathini na tisa, anasema shemeji, na neno hilo linamfikia likiwa limechelewa, kama mtu aliyeitwa mara mbili, viti thelathini na tisa, meza ya mbele saba, maharusi wawili, wasimamizi wawili, baba na mama wa kijana, na dada hapa, saba, na binti anauliza mbona saba, mama mdogo, si nane, na shemeji anasema nane za nini, baba yako si atakuwa kule kwenye kona na tarumbeta yake, kiti kitakaa kitupu kinazuia wapakuaji, na picha zitatoka mbaya, ameongea kama mtu wa kazi yake, hana ubaya, anahesabu anachokijua, na mkewe ametoa mmh, ndogo, ya ndiyo, bila kuinua kichwa, pini imeingia, amesogea… saba… na yeye ambaye hesabu hajawahi kuzipenda anajikuta anahesabu, harusi ngapi, miaka thelathini, kila wiki moja au mbili, hata akitoa miezi ya kufunga na misiba, ni mamia, na katika mamia hayo ni wapi aliwahi kukaa kwenye kiti cha mgeni, amekula amesimama, kwenye milango ya majiko, sahani juu ya sanduku la ngoma, vidole vya mafuta akivifuta kwenye soksi, amewaona mabibi harusi mamia na wote amewaona mgongoni, kwa sababu bendi hukaa nyuma… hata yake mwenyewe, Mola, hata yake, bendi ilikuja bure, ilikuwa zawadi ya wenzake, na mpiga tarumbeta wa pili hakutokea, kiongozi akamjia pale meza ya mbele akamnong'oneza, wimbo mmoja tu bwana harusi, tusaidie wa kufungulia, akainuka, akamwambia bibi harusi nakuja, na wimbo mmoja ukazaa wa pili, watu walikuwa wanacheza, walikuwa wanacheza kwelikweli, angewakatisha vipi, na alipoinua macho ukumbi ulikuwa unafagiliwa… na ipo picha, imekaa juu ya kabati pale, ameipita asubuhi na jioni miaka ishirini na nane, na akiitazama huwa anajitafuta mwenyewe, yuko kwa mbali nyuma, mdogo kama kidole gumba, shavu limetuna, akawa anafurahi kwamba shavu limetuna vizuri, na leo akiitazama kutoka kwenye kochi, macho yamezeeka na picha iko mbali, hamwoni yule wa nyuma, anaona wa mbele tu, msichana mwenye taji la maua kakaa meza kubwa, mgongo umenyooka, mikono mapajani, anatabasamu kwa mpiga picha kama alivyoambiwa, na kando yake kiti… na hajawahi kulisema, hata siku moja, hata siku za ugomvi ambapo watu huchimbua hadi mambo ya mwaka wa njaa, ameliacha, akatengeneza tangawizi, na sasa anahesabiwa saba na anasema mmh, amezoea, Mungu wangu, mwanamke amezoea kukaa na kiti kitupu mpaka wakikiondoa kabisa anaona wamempunguzia kazi… na uchovu unamshukia hapo, si ule wa kazi, huu umetoka mbali, umetoka miaka yote ile ya kusimama, miguu inamuuma akiwa amekaa, na ndani ya uchovu ule, hajui limeingiaje, kuna kitu kimelegea, kama mtu aliyebeba mzigo kichwani njia nzima kisha anafika anaambiwa wenyewe walishanunua mwingine, weka chini tu mzee, hakuna aliyekutuma.

"Sipigi," anasema.

Na inatokea ileile aliyoijua, shemeji anafungua mdomo na mkewe anamkata kabla hajaanza, anasema kupitia kwenye pini, mwacheni, baba haombwi, akitaka atapiga mwenyewe siku ikifika, na binti anashusha macho, sawa baba, anasema, kwa upole wa dukani, na njia hiyo hapo, imefunguliwa, wamemfungulia wenyewe, anaweza kupita na heshima yake yote kama mfalme, amekataa kwa sababu ni msanii, wasanii ndivyo walivyo, na wiki nzima watamnyamazia, na atapita ngapi tena hizo njia, amechoka.

"Sikusema sitaki," anasema. "Siwezi."

Mkono wa mkewe unasimama kwenye pindo. Anazitoa pini midomoni, zote, anazishika kiganjani, na uso anaouinua ni uleule wa siku ya leso, rangi imemtoka tayari kabla ya kusikia lolote. "Ni kifua?"

"Kifua kizima, mama. Umekitunza, hakina hata kovu. Ni meno. Tarumbeta inaegemea meno ya mbele, bila hayo haitoki sauti. Nimejaribu miezi yote hii, haitoki."

"Lakini kifua…"

"Haijawahi kuwa kifua. Tangu mwanzo ni mdomo. Nilikwambia mara moja, hukuamini, nikaacha kukwambia. Nilipenda unavyonihangaikia."

Shemeji kwa mara ya kwanza katika historia ya shemeji hana habari ya harusi nyingine inayofanana na hii, anatazama kucha zake, na mkewe bado kapiga magoti, hamtazami yeye, anatazama kule koridoni ambako taa imewashwa mchana, anatazama kwa muda, midomo inahesabu kitu, na yeye anangoja ile anayostahili, hata akipigwa na mkasi atanyamaza, na ajabu haogopi, amechoka tu, na ulimi wake umetulia, umelala chini kama ulimi wa mtu mwingine yeyote.

"Miaka ishirini na moja nashonea mlangoni mwa choo," anasema mkewe, polepole, bila kumwambia mtu.

Na binti juu ya kigoda amefumba mdomo kwa mkono wenye kalamu, hajulikani analia au anacheka, pengine hata yeye hajajua, mabega yanamtikisika na pini zinamchoma miguuni, aah mama, tulia basi, nani amekwambia utikisike, na taratibu sebule inarudi, joto lilelile, Jumamosi ileile, shemeji anajikohoza, anasema kwa sauti ya kujaribu kwamba yule kinyozi, ukimfikiria vizuri, shida yake ni ile laini tu, wakimnyang'anya laini ya simu asubuhi wakampa jioni, mkewe hata apige mara mia, na binti anashusha pumzi, anafuta macho kwa mgongo wa kiganja ili asilichafue gauni, anaweka kalamu pale ilipokuwa, juu ya mstari uleule mweupe, na anauliza tena, basi kwenye muziki niandike nini, anawauliza wote sasa, na hakuna anayejua, na siku ni saba, na yeye kwenye kochi anasikia kwamba anaulizwa kama wanavyoulizwa wengine, baba wa bibi harusi asiyejua kitu, na anaona hana jibu, ana swali, na swali lenyewe hajawahi kuuliza kwenye harusi yoyote.

"Na mimi siku hiyo nakaa wapi?"

Shemeji anaanza kuhesabu kwa vidole, anasema tunaweza kubana huku, tukasogeza wasimamizi, lakini mkewe anamkata, hana pini hata moja mdomoni, maneno yote yanasikika.

"Kando yangu," anasema. "Mwanzo mpaka mwisho."